Pima Kwanza, Badilisha Baadaye: Mwongozo Kamili wa Fundi wa Vifaa vya Umeme vya Nyumbani

Kila mtaa wa Dar es Salaam una kibanda chenye rundo la feni zisizo na mapanga, pasi zilizofunguliwa na friji moja iliyogeuzwa mgongo. Kazi ipo na itaendelea kuwepo: vifaa ni vingi, umeme unapanda na kushuka, na si kila familia inaweza kununua kipya kila cha zamani kinapozima. Anayekosekana ni fundi anayepima. Wengi hubadilisha kilichoungua bila kutafuta kilichokiunguza. Kifaa kinarudi nyumbani, baada ya wiki kinakufa tena, na mteja anaamini kwamba mafundi wote ni matapeli. Mwongozo huu ni wa kijana anayetaka kupima, kukijua chanzo, ndipo ashike spea.

Pa kujifunzia

Njia ni mbili, na nakushauri uzichanganye. Ya kwanza ni chuo. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi ya Tanzania iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina vyuo katika mikoa mingi na inafundisha umeme, elektroniki, na friji na viyoyozi. Kenya, aliyejifunzia kazini anaweza kufanya mtihani wa ufundi wa NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, kuanzia daraja la III akapanda hadi la I, akapata cheti bila kukaa darasani miaka. Njia ya pili ni kukaa na fundi mzoefu. Chuo kitakupa kanuni, lakini masikio ya kutambua beringi iliyochoka kwa mlio wake utayapata kwenye benchi.

Jua pia mpaka wako. Kutengeneza kifaa ni kazi moja, kutandaza nyaya ndani ya nyumba ni nyingine. Hiyo ya pili inahitaji leseni ya mamlaka ya nishati, EWURA kwa Tanzania na EPRA kwa Kenya. Mteja akikuambia, "Fundi, ukimaliza feni niongezee na soketi chumbani kwa watoto," na leseni huna, mwelekeze kwa mwenye nayo.

Meza na zana

Anza na vichache vilivyo vizuri. Bisibisi za bapa na za nyota zenye mipini ya mpira, plaizi, kikata waya, kifaa cha kubana vichwa vya nyaya, solda ya wati 40 hadi 60 na risasi yake, brashi, mafuta ya cherehani, tepu, na multimita. Kwenye multimita usibane pesa. Nunua inayopima kapasita na iliyoandikwa CAT III (daraja la usalama la kupimia umeme wa nyumbani), yenye waya za kupimia zilizo imara. Kazi ikikua, ongeza klampu mita ya kupima ampea bila kukata waya, kisha mega ya volti 500 ya kupima kama umeme unavuja kwenda kwenye bodi. Testa ya bisibisi yenye kitaa iache kwa kubahatisha tu. Inaweza kutowaka penye umeme, na inaweza kuwaka kwa umeme hafifu usio na nguvu yoyote.

Meza iwe ya mbao kavu, na chini ya miguu weka mkeka wa mpira. Soketi ya majaribio ipitie kikata umeme cha uvujaji cha miliampea 30, kile mafundi wanachokiita RCD. Nakisisitiza kwa sababu mkondo unaozidi kidogo kiasi hicho, ukipita kifuani, unatosha kuua mtu, na kikata umeme cha kawaida cha ampea 16 hakitauona kabisa.

Tengeneza na balbu ya majaribio: balbu ya zamani ya waya, ya wati 60 au 100, iliyounganishwa katikati ya waya wa moto unaokwenda kwenye soketi yako. Kifaa kilichopiga shoti kikichomekwa hapo, balbu inawaka kwa nguvu zote na fyuzi haikatiki. Balbu ya LED haifai. Pia zijue pasi na birika: balbu itawaka karibu kikamilifu hata kama ni nzima, kwa sababu ukinzani wake ni mdogo sana ukilinganisha na wa balbu. Huko amini multimita.

Usalama kabla ya bisibisi

Chomoa plagi, usitegemee swichi. Soketi nyingi za mtaani zimefungwa kinyume, waya wa moto upande wa nyutro, hivyo ukizima swichi umeme unabaki ndani ya kifaa. Ukishachomoa, weka plagi mahali unapoiona, ili msaidizi au mtoto asiirudishe bila wewe kujua.

Kapasita hutunza umeme baada ya kuchomoa. Ile ya feni ni ndogo, ila ya kiyoyozi au ya pampu ya maji inaweza kukurusha. Iguse kwa ncha za waya mbili za balbu nyingine ya waya, isiyounganishwa na umeme wowote, hadi iishe, kisha hakikisha kwa multimita.

Maikrowevu usiifungue katika miaka yako ya kwanza. Ndani yake transfoma inatoa volti zaidi ya 2,000, na kapasita yake inaweza kubaki na umeme wa kuua hata ikiwa imechomolewa. Mlango uliopinda nao unaweza kuruhusu mionzi itoke. Hata fundi aliyesoma anaifungua akiwa na mtu karibu.

Rangi za nyaya zikae kichwani. Kahawia ni moto, bluu ni nyutro, kijani chenye mstari wa njano ni ethi, waya wa usalama unaokwenda ardhini. Kwenye vifaa vya zamani, nyekundu ni moto, nyeusi nyutro, kijani ethi. Hata hivyo pima, maana fundi aliyepita huenda alitumia waya wowote aliokuwa nao.

Namna ya kutafuta ugonjwa

Hatua ya kwanza ni kumsikiliza mteja, na wengi wanairuka. Mama akifika na kusema, "Fundi, pasi yangu haipati moto," jibu, "Pole mama. Ilianza lini? Ilizima ghafla au ilikuwa inasumbua? Kuna harufu ulisikia? Umeme ulikatika siku hiyo?" Majibu manne hayo huondoa nusu ya kazi. Kifaa kilichozima dakika umeme uliporudi kina hadithi tofauti na kilichozima baada ya kuanguka.

Pili, soma kibandiko. Tazama volti, wati na hezi. Tanzania umeme wa nyumbani ni volti 230, Kenya 240, zote kwa hezi 50. Vifaa vya mitumba vinatoka kila pembe: cha Japani kimeundwa kwa volti 100, cha Marekani kwa 120 na hezi 60. Jiko la wali la Kijapani likichomekwa moja kwa moja kwenye soketi ya Temeke linaungua, na kubadilisha elementi bila kumwambia mwenyewe anunue transfoma ni kumrudisha kwako wiki ijayo.

Tatu, angalia na unuse: waya uliopauka, alama nyeusi, mende ndani ya saketi, kutu. Nne, pima ukiwa umechomoa. Anzia kwenye plagi na fyuzi yake, kisha waya, swichi, kinga ya joto (fyuzi inayokatika kwa joto), thamostati (kidhibiti joto), na mwisho elementi au mota. Fuata njia ya umeme bila kuruka kituo. Waya wa pasi na wa blenda hukatika ndani, pale unapoingilia kwenye mwili wa kifaa, huku ganda la nje likionekana zima. Pima huku ukiutikisa.

Kwa vifaa vya joto kuna hesabu moja tu ya kukariri: zidisha volti kwa volti, gawanya kwa wati, jibu ni ohm za elementi. 230 mara 230 ni 52,900. Pasi ya wati 1,000 isome karibu ohm 53, birika la wati 2,000 karibu 26. Multimita isiposoma chochote, elementi imekatika. Ikisoma chini sana, kuna shoti. Ikisoma sawasawa, elementi ni nzima na ugonjwa uko kwingine, hata kama muuza spea anakushawishi ununue mpya.

Tano, kabla ya kuweka spea jiulize kwa nini ile ya zamani ilikufa. Fyuzi haifi bila sababu, na kinga ya joto hukatika kwa sababu kitu kilipata moto kupita kiasi.

Pasi na birika

Ndizo zitakazokulisha mwanzoni. Katika pasi, wahalifu ni waya uliokatika mkiani, ncha za thamostati zilizoungua, na kinga ya joto. Ncha zisugue kwa karatasi laini ya msasa, na zikiwa zimechimbika, badilisha thamostati. Kinga ya joto kamwe usiiruke kwa kuunganisha waya moja kwa moja. Mafundi wengi wanafanya hivyo, pasi inawaka, mteja anafurahi, na siku thamostati itakapoganda hakuna kitakachozuia moto. Weka yenye nyuzi joto zilezile zilizochapwa ubavuni. Usiipige solda, maana joto la solda litaikata kabla haijaanza kazi. Ibane kwa kichwa cha chuma.

Birika la umeme husumbuliwa na chokaa ya maji ya kisima. Chemsha maji yenye siki au malimao, acha yakae, suuza. Likiwa linazima kabla maji hayajachemka, tazama bati la joto lililo chini. Kama halipati umeme kabisa, safisha pini za kitako.

Vyote viwili vina bodi au sehemu za chuma. Pima kati ya pini za moto na nyutro kwa upande mmoja na chuma kwa upande wa pili: multimita isisome kitu, na mega ionyeshe megaohm 1 au zaidi. Kisha pima pini ya ethi hadi kwenye chuma: iwe karibu na sifuri. Ukikuta plagi ya pini mbili imewekwa kwenye kifaa cha ethi, irudishe ya pini tatu, hata kama mteja hakuiomba.

Feni

Feni inayounguruma bila kuzunguka ipe msukumo kwa kijiti. Ikianza kuzunguka, tazama kapasita. Ya feni ya mezani mara nyingi ni mikrofaradi 1.2 hadi 2, ya dari karibu 2.5, na thamani imeandikwa juu yake. Kapasita huchoka polepole kwa joto, ndiyo maana feni ya dari hupoteza kasi mwaka hadi mwaka na mwenyewe analaumu umeme. Ikipungua zaidi ya asilimia 10 ya kilichoandikwa, badilisha. Usiweke kubwa zaidi ili ikimbie kasi, kama wateja wanavyoomba msimu wa joto. Mota itapata moto na koili itaungua.

Ikiwa shafti haizunguki vizuri kwa mkono hata kabla ya umeme, bushi (pete ambamo shafti huzunguka) imekauka au nywele zimejizungusha. Fungua, safisha, tia matone machache ya mafuta ya cherehani kwenye kitambaa kinachozunguka bushi. Mafuta ya kupikia hugeuka gundi, na feni iliyotiwa hayo hurudi mbaya kuliko ilivyokuja. Mota isiyosoma kabisa, mara nyingi kilichokatika ni kinga ya joto iliyozikwa kwenye koili. Ibadilishe, lakini kwanza ondoa kilichoifanya ichemke, ambacho kwa kawaida ni bushi hiyohiyo.

Blenda na mashine ya kufulia

Blenda ina mota ya kaboni. Kaboni zikifupika unaona cheche nyingi na mota inakatakata. Badilisha zote mbili pamoja, na futa unga mweusi kwa brashi kavu. Ikiwa mota inazunguka lakini kisu hakizunguki, kiunganishi cha plastiki kimekwisha. Kimeundwa kiwe dhaifu ili kife kabla ya mota. Angalia pia mpira wa chini ya jagi: juisi inayovuja ndiyo inayoua beringi. Blenda nyingi zimeandikwa KB 1 min, maana yake zisiendeshwe zaidi ya dakika moja mfululizo. Mweleze mwenye kuuza juisi, maana ndiye mteja wako wa kudumu.

Mashine ya kufulia isiyotoa maji, fungua kwanza chujio la pampu. Sarafu, vifungo na soksi za mtoto ndizo utakazokuta. Pampu yenyewe kwa kawaida husoma ohm 150 hadi 200. Kufuli ya mlango ikifa, nunua nyingine. Usiiruke.

Friji

Hapa ndipo fedha nzuri ilipo, na ndipo uongo ulipo mwingi. Neno "gesi imeisha" limewatoza watu pesa nyingi bure. Gesi ya friji haitumiki ikaisha kama ya jikoni. Inazunguka kwenye mfumo uliofungwa miaka yote. Ikipungua, kuna tundu, na kujaza bila kuliziba ni kumuuzia mteja miezi michache.

Kwa hiyo gesi iwe ya mwisho kufikiriwa. Friji isiyogandisha, anza na mpira wa mlango: bana noti ya karatasi, ukiivuta ikatoka bila kukaza, hewa ya moto inaingia. Tazama koili za nyuma kama zimeshikana na ukuta au zimejaa vumbi. Ile ya "No Frost", isiyojenga barafu kwenye kuta zake, sikiliza kama feni ya ndani inazunguka na kama hita ya kuyeyusha inasoma.

Kompresa isipowaka, inatoa "tik" kisha inanyamaza, chomoa rilei (kiwashio cha kompresa) na kinga yake pembeni. Rilei ikilia ndani unapoitikisa, kwa kawaida imevunjika. Halafu pima pini tatu za kompresa. Jozi yenye ohm nyingi zaidi lazima iwe sawa na jumla ya jozi mbili nyingine: kwa mfano 12, 20 na 32. Pini isiyoguswa katika jozi hiyo kubwa ndiyo ya pamoja. Hesabu ikikubali na hakuna pini inayosoma kwenda kwenye chuma, koili ni nzima. Funga rilei mpya uiwashe, na upime ampea kwa klampu ukilinganisha na kibandiko.

Ukilazimika kufungua mfumo, soma aina ya gesi. R12 ya friji za kale iliondolewa kwa Mkataba wa Montreal wa 1987. R134a, iliyochukua nafasi yake, sasa inapunguzwa kwa makubaliano yaliyofikiwa Kigali mwaka 2016. Friji nyingi mpya zina R600a, na hiyo inawaka moto. Fanya kazi nje au penye upepo, maana ni nzito kuliko hewa na hutulia chini. Usishike tochi ya kuchomelea kwenye bomba ambalo bado lina gesi. Kata kwa kikatio, toa gesi yote, vuta hewa kwa pampu ya vakyumu, kisha jaza kwa mizani. Ujazo wake ni gramu chache, mara nyingi chini ya 100, na makisio ya sikio hayatoshi. Kama huna pampu ya vakyumu na mizani, mpe fundi wa friji kazi hiyo na mgawane.

Kila friji inayotoka mezani kwako itoke na ushauri wa kununua kilinda friji, kile kinachosubiri dakika 3 hadi 5 umeme unaporudi. Kompresa inayolazimishwa kuanza wakati mgandamizo haujatulia huungua, na mtaa wenye kukatika kwa umeme mara kwa mara huua kompresa kwa njia hiyo.

Kabla ya kurudisha

Kiwashe kwenye soketi yenye RCD, kikae kazini muda wa kawaida: pasi hadi thamostati ikate na kuwasha mara kadhaa, feni saa moja, friji usiku mzima. Pima tena uvujaji na ethi. Angalia fyuzi ya plagi: ampea 3 inatosha kifaa kisichozidi wati 700, zaidi ya hapo weka 13. Fyuzi ya 13 kwenye taa ya mezani haiulindi waya wake mwembamba.

Mteja na fedha

Weka ada ya uchunguzi na uitangaze kabla hujafungua kifaa. Mteja akikubali matengenezo, iingize kwenye bei. Asipokubali, umelipwa muda wako. Bei ijumlishe spea, nauli ya kuifuata Kariakoo (Nairobi, mafundi wengi hukimbilia Luthuli Avenue), saa zako, na akiba ya kurudia kazi ndani ya dhamana. Gharama ikizidi nusu ya bei ya kifaa kipya, mwambie wazi na umwachie uamuzi.

Mrudishie spea ya zamani kwenye mfuko. Hilo peke yake linajenga imani kuliko bango lolote. Kuhusu spea, bei ikiwa chini mno, pima kabla ya kulipa: kapasita feki inaweza kusoma nusu ya kilichoandikwa, na muuzaji mwaminifu hatakukataza kupima dukani kwake.

Kusajili biashara Tanzania, pata namba ya mlipakodi TRA (mamlaka ya mapato) na leseni ya biashara kutoka halmashauri. Ukitaka jina la biashara, lisajili BRELA, wakala wa usajili wa biashara. Ukiwa na karatasi hizo, shule, hoteli ndogo na saluni zinaweza kukupa mkataba wa matengenezo.

Kila kifaa kikiingia, andika daftarini jina, simu, aina, namba ya kifaa, malalamiko na vilivyoletwa nacho, kisha funga kitambulisho chenye namba hiyohiyo kwenye waya. Mteja apewe risiti yenye namba, bei, dhamana, na tarehe ya mwisho ya kuchukua. Vifaa visivyochukuliwa ndivyo vinavyojaza kibanda na kuleta ugomvi, kwa hiyo masharti yaandikwe kwenye risiti na mteja aweke sahihi siku ya kwanza: baada ya miezi mitatu na simu tatu zilizoandikwa daftarini, kifaa kitauzwa kufidia gharama na kinachobaki ni chake. Kila simu iandike siku uliyopiga na alichojibu.